Saa za Mlinzi

Jua linapotua na upepo baridi wa kipupwe ukaanza kupita katika barabara za Kisasa na Area D, mlinzi aliyewasili lindoni hufungua kitabu cha matukio, akaandika tarehe, saa 12 jioni, na hali ya funguo na mageti aliyoyapokea, kisha akatia sahihi yake. Na sahihi ya pili, ile ya kukabidhi, haitiwi ila saa 12 asubuhi, iwapo mwenzake hakuchelewa. Baina ya sahihi hizo mbili pana saa 12 za kukesha, na walinzi wengi wa jiji hili la Dodoma hukesha hivyo siku 6 kwa juma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka iliyo dhahiri: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, saa za ziada, ambazo sharti ziwe kwa mapatano, zisizidi 50 katika majuma 4, na kila moja ilipwe ujira mara moja na nusu. Basi na tuhesabu. Majuma 4 ya sheria, pamoja na ziada yote iliyoruhusiwa, ni saa 230. Majuma 4 ya mlinzi wetu ni saa 288. Hata tukimtolea saa moja ya mapumziko kila usiku zitabaki 264, ingawa mtu aliye peke yake langoni hana wa kumwachia lindo akaenda kula.

Wala dhara haliishii katika ujira. Ubongo wa binadamu hufuata nuru: giza huuita usingizi, na mwanga wa asubuhi huufukuza, kwa hiyo mlinzi anayejilaza saa 2 asubuhi katika chumba cha kupanga kule Chang'ombe hushindana na maumbile yake mwenyewe, na ifikapo saa 5, bati likiwa limeshika moto na mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma, huwa amekwisha kuamka, hali mwili haujashiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40, huwa na hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Mlinzi wetu ana saa 72.

Dawa yake ni zamu 3 za saa 8, kipimo ambacho mkutano wa kazi wa Washington uliwakubalia wafanyakazi wa viwandani tangu mwaka 1919. Zamu ya tatu yahitaji mlinzi wa tatu na mshahara wake, na hilo ni zito kwa mwajiri na kwa mwenye nyumba. Lakini gharama hiyo hulipwa hata leo, nayo hutolewa katika siha ya mtu mmoja.

Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Umo katika kitabu kile kile cha langoni, sahihi ya jioni na sahihi ya asubuhi, ukurasa baada ya ukurasa. Mwajiri mwenye insafu na azijumlishe saa hizo mwenyewe, kabla hazijajumlishwa na afisa kazi, au na tabibu.