Januari Hununuliwa Julai

Ushauri wa fedha za familia tunaousikia mara nyingi huhesabu kwa mwezi: andika kinachoingia, andika kinachotoka, tenga akiba kidogo. Lakini mkulima wa Songea au Mbozi hupata sehemu kubwa ya fedha zake baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, kisha fedha hizo ndizo zinazotakiwa kumvusha mwaka mzima. Mvuvi wa dagaa huvua wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi inapowaka. Mama anayeuza vitumbua karibu na shule hupoteza wateja shule zikifungwa. Hata mwalimu, ambaye mshahara wake haubadiliki, ana Januari yake. Ndiyo maana naamini familia nyingi zingenufaika zaidi kwa kupanga kwa msimu, na uamuzi kuhusu miezi migumu ukafanywa siku ileile fedha inapoingia, kabla shida haijabisha hodi.

Mahindi yanaonyesha vizuri hasara ya kutofanya hivyo. Wakati wa mavuno kila mtu anauza kwa sababu kila mtu anadaiwa, na mlanguzi analijua hilo. Anakuja na bei yake, pengine na lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kujazwa mpaka juu ya mdomo wake. Ikifika Februari, familia ileile inarudi sokoni kununua, kwanza kwa debe, halafu kwa sado, mwisho unga wa kupima kilo moja moja. Watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, katika utafiti wao wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2019, walieleza kwamba bei ya mahindi katika eneo hilo hupanda kwa wastani wa asilimia 25 hadi 40 kutoka mavuno mpaka kipindi cha njaa. Wakulima waliokopeshwa wakati wa mavuno walichelewa kuuza, na wakapata faida. Akili ya biashara walikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichopungua kilikuwa fedha ya kuwavusha miezi michache.

Tuchukue familia inayopika kilo mbili za dona kwa siku. Kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Aprili ni siku 181, yaani kilo 362, karibu magunia manne ya kilo mia. Kama gunia liliuzwa shilingi 50,000 Julai na bei ikapanda kwa asilimia 30, kulinunua tena ni shilingi 65,000. Tofauti kwa magunia manne ni shilingi 60,000, na hapo sijahesabu nyongeza anayotozwa mtu anayenunua kidogo kidogo.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa wenye nacho, kwa kuwa asiye na kitu hana cha kuweka. Pingamizi hili ni zito, na kwa familia ambayo haivuni hata mahitaji ya miezi mitatu lina ukweli mtupu. Hiyo inahitaji msaada na kazi, si mahubiri ya akiba. Lakini kwa wengi walio juu kidogo ya hapo, fedha hupatikana, ila kwa wiki chache tu. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilipima jambo hilo kwa wakulima wa Busia, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waliwapa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, na kivutio pekee kilikuwa kupelekewa bila nauli. Matumizi ya mbolea yaliongezeka waziwazi. Waliopewa nafasi hiyohiyo baadaye, msimu wa kupanda ulipokaribia, hawakuitikia kwa kiasi kile. Mkulima alikuwa ni yuleyule na mbolea ileile. Tofauti ilikuwa siku aliyoulizwa.

Wengine watauliza: na dumuzi je? Ni swali la haki. Mdudu huyu aliyeingia Tabora miaka ya 1970 ikielekea mwisho anaweza kuacha gunia la unga mtupu, na mahindi yenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Basi kukausha ndiyo kazi ya kwanza. Ili kujua kama yamekauka, tia mahindi katika chupa kavu mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, yarudishe juani. Isipoganda, yahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humkosesha mdudu pumzi bila dawa. Kuhusu bei, ni kweli inaweza kuanguka: Juni 2017 Serikali ya Tanzania ilipozuia mahindi ghafi kuuzwa nje ya nchi, walioyashikilia kwa matumaini ya faida waliumia. Lakini tutenganishe mahindi ya kuuza na mahindi ya kula. Yale ya kula yanapikika vilevile hata bei ikishuka, kwa hiyo hayo ndiyo ya kutenga kwanza. Kucheza na bei kuje baadaye, na kwa magunia ambayo familia inaweza kuyapoteza.

Mjini mavuno ni siku ya kuvunja kikundi. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hugawana Desemba, na fedha huangukia moja kwa moja kwenye nauli za kwenda nyumbani na kitoweo cha sikukuu. Ada ya shule za umma mpaka kidato cha nne imeondolewa tangu Januari 2016, lakini sare, viatu, daftari na begi bado vinamsubiri mzazi. Kikundi kikikubaliana kugawana Novemba, au kutenga sehemu ya mgao iwe ya shule tu, sare inashonwa kabla foleni ya fundi haijajaa. Tena kalenda inasogea. Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku kumi na moja kila mwaka, na inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari 2028, katikati ya Januari 2029, na wiki ya kwanza ya Januari 2030. Kwa familia za Kiislamu zenye watoto shuleni, sare, futari na nguo za Idi vitadaiwa karibu kwa pamoja, na mwaka 2030 Ramadhani nyingine itaanza kabla Desemba haijaisha.