Kwa nini swichi ya hita ya maji huungua huku breka ikiwa kimya

SWICHI ya hita ya kuogea haiungui ghafla. Plastiki yake nyeupe hugeuka manjano, kisha kahawia, na harufu ya shombo ikaanza kutoka ukutani. Wenye nyumba wengi husema swichi ilikuwa feki, wakanunua nyingine. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi kilichoungua ni kiungo cha waya kilicholegea.

Hita inayochemsha maji papo kwa papo, ya wati 5,500, huvuta takriban ampea 24 kwa umeme wa volti 230. Waya usipokazwa barabara kwenye skrubu ya swichi, umeme hupenya katika sehemu ndogo tu ya shaba, na ukinzani huongezeka. Ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohm waweza kuonekana si kitu, lakini kwa ampea hizo huzalisha joto la wati 58 hivi. Ni kama kuifungia balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya kiboksi cha swichi. Shaba hutanuka kwa joto hilo na kusinyaa inapopoa, skrubu ikazidi kulegea, na joto la kesho likawa kubwa kuliko la leo.

Breka ya ampea 32 haikati kwa sababu umeme unaopita haujazidi. Kazi yake ni kuulinda waya dhidi ya mzigo mkubwa na shoti. Joto la swichi iliyo mbali nayo hailijui.

Kuchomeka hita kwenye soketi ya kawaida ni hatari zaidi. Hata ile ya tangi, ya wati 3,000, huvuta ampea 13, yaani ukomo wenyewe wa plagi, tena kwa muda mrefu. Pasi hujizima kila mara ikipata moto. Tangi la maji baridi halitoi nafasi hiyo.

Hita ya wati 5,500 yahitaji laini yake yenyewe, kwa kawaida ya waya wa milimita 4 au 6 za mraba, na swichi kubwa inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja. Waya wa 2.5 uliobaki kwenye kazi ya soketi hauachi akiba yoyote.

Harufu ikisikika, zima breka na uache kuitumia hita. Fundi, ambaye hapa Tanzania anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, akate ncha iliyoungua hadi apate shaba inayong'aa, ndipo afunge swichi mpya. Na breka ikianza kukata, asiibadilishe kwa kubwa zaidi kabla ya kuupima waya, maana hapo utakaoungua ni waya wenyewe ndani ya ukuta.