Paka Anapokohoa Nyumbani: Msaidie Bila Kujihatarisha

 

Leo tunazungumza juu ya paka wa nyumbani. Huenda ukajiuliza, muuguzi na paka wapi na wapi? Sababu ni kwamba paka hulala jikoni, hucheza na watoto, na akianza kukohoa au kukabwa, wewe au mtoto wako ndiye hukimbia kumsaidia kwa mkono mtupu. Mkono huo ukiingia kinywani mwa paka mgonjwa, waweza kukuletea jambo kubwa kuliko kikohozi.

Anakohoa, anatapika, au amesakamwa?

Paka anayekohoa huchuchumaa chini, hunyoosha shingo mbele na kutoa sauti kavu ya kukwaruza. Mara nyingi hakitoki kitu, naye humeza mate na kuendelea na shughuli zake.

Anayetaka kutapika, tumbo lake hupanda na kushuka kwa nguvu, kisha hutoa chakula, majani au kibonge cha manyoya. Paka hujiramba kila siku na manyoya mengine huyameza. Kibonge cha mara moja moja si ugonjwa.

Aliyesakamwa na mwiba wa samaki au mfupa huanza ghafla. Hukuna mdomo kwa miguu ya mbele, hutokwa na mate na kuhangaika.

Ni nini kinachomkohoza?

Sababu ni nyingi. Kuna mafua ya paka, ambayo huja na chafya na macho yenye tongo. Kuna minyoo wa mapafu, ambao paka huwapata akila konokono, au akila panya, ndege na mijusi waliokula konokono hao. Pia kuna pumu. Ndiyo mama, paka hupata pumu kama binadamu: njia za hewa huvimba na kubana, naye hukohoa na kupumua kwa shida.

Pumu ya paka huchochewa na moshi wa kuni na makaa, sigara, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, na vumbi. Basi ukiona paka anakohoa kila jiko linapowashwa, kumbuka kwamba moshi anaovuta yeye ndio huo anaovuta mtoto uliyembeba mgongoni. Moshi huo humwongezea mtoto hatari ya kupata nimonia. Fungua madirisha, pika kwa kuni zilizokauka vizuri, na mtoto asikae karibu na jiko. Hapo utakuwa umewasaidia wote wawili.

Hesabu pumzi zake

Kliniki huwa tunahesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Fanya vivyo hivyo kwa paka akiwa amelala. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Paka mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Zikizidi 40, au akipumua mdomo wazi, au fizi zikiwa nyeupe au za buluu, hiyo ni dharura. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hata kama pumzi ni za kawaida, kikohozi kinachorudi mara kwa mara chahitaji kuonwa na daktari.

Ufanye nini anapokohoa?

Mtoe kwenye moshi na umweke mahali penye hewa safi. Watoto wakae mbali, kelele zipungue. Usimlazimishe kunywa maziwa, maji wala mafuta, kwa maana vitu hivyo vyaweza kuingia mapafuni.

Usimpe dawa ya watu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli cha miligramu 500 chaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Hata dawa ya kikohozi ya mtoto usimpe.

Kama amesakamwa lakini bado anapumua, mfunike kwa leso nzito, mtie katika kikapu chenye kifuniko na umpeleke kwa daktari. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni, usiuvute. Ncha ya pili yaweza kuwa imenasa tumboni, na ukivuta utamkata matumbo.

Lililo muhimu kuliko yote

Paka mwenye kichaa cha mbwa hushindwa kumeza. Mate hutiririka, taya hulegea, sauti hubadilika. Ukimtazama utasema ana mfupa kooni. Wengine huwa wakali, wengine hujificha na kunyamaza. Kwa hivyo usitie kidole kinywani mwa paka anayetokwa na mate, na zaidi sana kama hakuchanjwa au ni paka wa kupita tu. Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate.

Ukiumwa au kukwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, fanya hivi:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Jicho au mdomo uoshe kwa maji mengi safi. Usipake pilipili, majani wala mafuta ya taa.

2. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Utaelezwa kama wahitaji chanjo. Ukiianza, maliza sindano zote.

3. Mjulishe afisa wa mifugo. Paka akiwa yupo, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 bila kuguswa. Lakini wewe usingoje siku hizo ndipo uende hospitali.

Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa maisha. Waambie watoto wasikufiche wakiumwa, nawe usiwachape kwa kusema ukweli.

Je, kikohozi cha paka humwambukiza mtoto?

Mara nyingi, hapana. Pumu, mwiba na minyoo wa mapafu ya paka haviambukizi mtu. Lakini mtoto mwenye pumu aweza kubanwa kifua kwa sababu ya mate yaliyokauka kwenye manyoya na vumbi la ngozi ya paka. Paka asilale kitandani mwa mtoto huyo.

Kwa kumalizia, paka wako achanjwe kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Apewe dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mtolee miiba na mifupa kabla ya kumpa chakula. Na siku akikohoa, tazama kwanza, hesabu pumzi, na mkono wako ukae mbali na kinywa chake.