Mabuti ya Shamba Hayanunuliwi kwa Macho

Mwezi wa Desemba unapokaribia, mfanyakazi wa Dar es Salaam au Tanga aliye na wazee Handeni na Korogwe huanza kuweka kando vitu vya kupeleka nyumbani: sukari, sabuni, doti ya khanga na, mara nyingi, jozi moja ya mabuti ya mpira, yale ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita gambuti. Khanga haina namba, wala sukari haimbani mtu. Mabuti, lakini, hununuliwa kwa kukisia, na aghalabu makisio hayo huishia chini ya kitanda.

Kosa hilo nami nimelitenda. Mjomba wangu hulima mpunga huko Mombo, wilayani Korogwe, katika mashamba yanyweshwayo na maji yashukayo kutoka milima ya Usambara. Nilimnunulia mabuti namba 8 kwa kuwa nilikumbuka kwamba viatu vyake vya kwendea mjini ni namba 8. Alinishukuru sana, akayavaa siku mbili, kisha akarudi shambani miguu mitupu. Nilipomtembelea miezi michache baadaye nilimkuta amedhoofika, akihema kwa kazi ndogo tu. Zahanati ilikwisha kumpima, ikamwona ana safura, na dawa alikuwa amepewa.

“Mpwa wangu, viatu vyako ni vizuri,” aliniambia, “ila ulivinunua kwa mguu uliokaa. Wangu unafanya kazi.”

Safura, ndugu msomaji, haingii mwilini kwa chakula kichafu peke yake kama wengi wadhanivyo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na choo cha mgonjwa. Yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli huanguliwa, na viluwiluwi vyake hupenya katika ngozi ya mguu, hasa katikati ya vidole. Vikishafika tumboni na kukua vinakuwa minyoo inayonyonya damu siku baada ya siku, na mtu huishiwa nguvu pasipo kujua sababu. Choo bora ndiyo kinga ya kwanza. Kiatu ndiyo ya pili, lakini kiatu kinachovaliwa, si kile kilichotunzwa.

Mguu unaofanya kazi una tofauti gani na ule uliokaa? Kwanza huvimba. Mtu aliyesimama tangu alfajiri huwa na mguu mpana zaidi saa kumi ya jioni kuliko asubuhi. Pili, huvaa soksi nzito, kwa maana mpira ukigusana na ngozi yenye jasho huleta malengelenge. Tatu, mtu akishuka kwenye tuta au ukingo wa mfereji, vidole husogea mbele na kugonga ncha ya buti. Mambo hayo matatu yalimfanya mjomba ahitaji namba 9.

Basi tulipatana atumie kijiti, na njia hii naipendelea kuliko namba zilizoandikwa chini ya soli, ambazo hutofautiana baina ya kiwanda na kiwanda. Mzee apimwe jioni, akiwa amesimama wima, amevaa soksi atakazofanyia kazi. Kijiti kikavu kisichopinda kiwekwe chini kando ya mguu, kikatwe kuanzia nyuma ya kisigino hadi mwisho wa kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Miguu yote miwili ipimwe, na ule mrefu ndio ufuatwe. Kisha kiongezwe upana wa kidole kimoja cha mkono. Kijiti hicho mpe kondakta wa basi au jirani anayesafiri; hakiozi wala hakisahau. Dukani kiingize ndani ya buti: kikilala bila kukwama, urefu umepatikana. Upana nao upimwe kwa kuchora unyayo juu ya karatasi.

Tusizidishe, hata hivyo. Buti kubwa mno hubaki katika tope na mguu ukatoka peke yake, na kisigino kinachocheza sana huchubuka. Kiinuke kidogo tu mtu atembeapo. Vilevile aweze kulivua haraka kwa kukanyaga kisigino cha buti moja kwa mguu wa pili, kwa sababu buti lililojaa maji ni zito mno kwa mtu anayejaribu kupanda ukingo wa Mto Pangani.

Yaweza kushangaza, lakini wapiga mbizi wa bahari za baridi huko ng’ambo hufuata utaratibu huu huu. Wao huvaa vazi lisilopenyeza maji, soksi nene ndani yake, buti, na mwisho mapezi ya mpira ya kuogelea. Mwenye busara huchagua buti akiwa na soksi zake, kisha huenda na buti hilo kuchagua mapezi. Anayeanza na mapezi hujikuta amebana kila kitu: hewa iliyomo katika soksi, ambayo ndiyo inayotunza joto, hukamuliwa, mguu ukafa ganzi na kukakamaa akiwa chini ya maji. Mjomba hana haja ya mapezi, lakini kwake pia soksi hutangulia.

Mahali pa kazi nako kuna neno. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, adui ni mwiba mkali ulio kwenye ncha ya jani. Hapo yatakiwa soli ngumu na shingo nene ifikayo karibu na goti. Ukivuka kwenda Handeni, nchi hukauka na miiba ya porini huwa mingi. Huko wafugaji hupenda katambuga za tairi, na siwalaumu: soli ya tairi hukataa miiba ambayo buti jepesi hulikubali. Lakini katambuga huacha kifundo wazi, na kifutu, nyoka mvivu alalaye njiani, mara nyingi huuma hapo hapo. Kwa kufyeka shamba, buti. Kwa kufuata ng’ombe juani, katambuga.

Wala buti halimalizi yote. Kichocho hupenya ngozi yoyote iguswayo na maji yenye vimelea, hivyo maji yakipita shingo ya buti kinga imekwisha. Na katika jaruba lenye tope refu wapandaji wengi huyavua wapende wasipende, wakayavaa tena wakiwa kwenye matuta na mifereji.

Jioni mabuti yaoshwe, yapinduliwe juu ya vigingi kivulini. Jua kali hupasua mpira. Ndani yakiwa na unyevu, jaza karatasi kavu. Gazeti hili, ukishalisoma, lafaa sana. Tobo dogo la buti la mpira fundi baiskeli huliziba kwa kiraka na gundi yake, ingawa buti la plastiki aghalabu humshinda.

Mwaka huu kijiti cha mjomba kilifika kwa basi kikiwa na mwenzake. Sikuwa nimeagiza viwili. Nilipouliza nikakumbushwa kwamba anayeinama jarubani kupandikiza mpunga siku nzima ni mkaza mjomba, na kwamba miaka yote hiyo yeye sikumpelekea ila khanga. Kijiti chake ni kifupi zaidi, na amekifunga kitambaa chekundu ili nisije nikakosea.