Likizo ya theluji katika bonde lililopoteza kijiji

KOTI nililinunua sokoni Rumonge, kwenye lundo la chagua, kwa mfanyabiashara aliyekuwa amefungua robota jipya asubuhi ile. Lilikuwa koti zito la buluu ambalo huku kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna mwenye kazi nalo, na ndiyo maana aliniachia kwa bei ya shati. Nilipofika nyumbani nikakuta kwenye zipu bado kunaning'inia kipande cha tiketi ya lifti ya skii. Mwezi wa Aprili 2023 koti hilo lilirudi lilikotoka, safari hii likiwa limenivaa mimi.

Mdogo wangu wa kike, ambaye tulizaliwa wote Mishamo na kusoma wote katika shule za makazi yale, aliolewa Ubelgiji na sasa anaishi Ghent. Mimi nilirudi Burundi na wazee mwaka 2008, nikashika chaki Rumonge. Kwa miaka mingi tulionana kwa simu tu. Siku moja akaniambia: "Kaka, njoo uwaone wapwa zako kabla hawajawa watu wazima. Na wakati wa likizo twende wote milimani, tukateleze kwenye theluji."

Nilicheka. Lakini najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu Ubelgiji, Ufaransa au Uswisi, na mialiko ya namna hiyo haiwaishi. Anayealikwa huona aibu kuuliza, na anayealika husahau kwamba mgeni hajui lolote. Naandika haya ili anayekwenda aende akiwa na maswali mkononi. Na lipo jambo jingine, zito zaidi, ambalo nitalifikia.

Kwa nini mahali patulivu

Milima ya Alps ina vituo vya skii vyenye majina makubwa. Katika jimbo la Valais peke yake, kusini mwa Uswisi, wapo Zermatt na Verbier, ambako matajiri wa dunia nzima hukutana. Bei za huko zinafanana na majina yake. Lakini katika jimbo hilohilo yapo mabonde ambayo wageni ni wachache, lifti si nyingi, na mwenye duka anakujua kwa sura siku ya pili.

Shemeji yangu alichagua Lötschental. Ni bonde jembamba lenye vijiji vinne: Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, vikifuatana kando ya mto Lonza. Kutoka Wiler unapanda gari linaloning'inia kwenye waya hadi Lauchernalp, karibu mita 1,970 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo penye theluji ya kutelezea, na lifti nyingine hukupeleka hadi Hockenhorngrat, mita 3,111. Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote Burundi, haufiki mita 2,700. Kwa hiyo mtu wa ziwani kama mimi alipata kichwa kuuma siku ya kwanza, na maji ya kunywa yakawa dawa.

Kwa anayeanza uzeeni, utulivu una faida moja kubwa: ukianguka, hakuna anayekugonga kwa nyuma. Nilianguka mara nyingi. Njia za bluu ndizo rahisi, nyekundu ni za wanaojua, nyeusi ni za mabingwa. Mimi mwalimu wa miaka zaidi ya arobaini niliwekwa njia ya watoto, nyuma ya msichana wa miaka mitano aliyekuwa akigeuka kuniangalia kwa huruma.

Kalenda kwanza, theluji baadaye

Kosa la kwanza katika kupanga ni kuangalia likizo peke yake. Likizo ya machipuko si lazima iangukie siku lifti zinafanya kazi. Vituo vingi vya chini hufunga mapema mwezi wa Aprili, na vilivyo juu huendelea zaidi. Wenye watoto katika shule za Kifaransa za Ubelgiji wawe macho: shule hizo zilibadili kalenda mwaka 2022, na likizo yao ya machipuko haifuati tena Pasaka kama zamani. Inaweza kuangukia mwisho wa Aprili, wakati mabonde mengi yamebaki na tope. Wapwa zangu wanasoma shule ya Kiflamandi, ambayo bado hufuata Pasaka, na hilo lilitusaidia.

Pasaka nayo huhama. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 9 Aprili. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 28 Machi. Kabla ya kulipia nyumba, uliza mambo mawili: lifti zinafungwa lini, na sehemu ya juu kabisa ina mita ngapi. Machipuko yakishaingia, urefu wa mlima ndio ghala la theluji.

Karatasi na fedha

Mwenye pasipoti ya Burundi anahitaji viza ya Schengen, na Uswisi imo ndani ya mpango huo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa kuwa nilikaa zaidi Ghent, maombi yangu yalikuwa ya Ubelgiji, siyo ya Uswisi. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90. Unaweza kuomba miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje siku ya mwisho.

Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Isome yote, kwa sababu baadhi ya bima huondoa michezo ya theluji. Hata ndugu walioko Ulaya wasijidanganye na kadi yao ya afya ya Ulaya: haigharimii uokoaji wa mlimani, na helikopta ya Uswisi haikupakii bure.

Tulikwenda kwa gari la shemeji. Barabara kuu za Uswisi zinataka stika ya faranga 40, ya mwaka mzima. Tulipofika Kandersteg tukaendesha gari hadi juu ya behewa la treni, tukabaki tumekaa ndani yake, treni ikatuvusha chini ya mlima kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1913, tukatokea Goppenstein, mlangoni mwa bonde. Nilikumbuka malori yanavyopakiwa kwenye kivuko, isipokuwa hapa maji yalikuwa mwamba. Asiye na gari apande treni ya kawaida inayosimama Goppenstein, kisha basi. Treni za mbio hupita njia mpya ya chini, ya mwaka 2007, nazo hazisimami hapo.

Tulipanga nyumba yenye jiko badala ya hoteli, na mdogo wangu akabeba mchele, maharage na chupa ya mawese niliyotoka nayo Rumonge. Skii, viatu na kofia ngumu tulikodi kijijini. Usinunue. Kiatu cha skii ni kizito na kinabana. Kikikuumiza siku ya kwanza, mwenye duka atakubadilishia. Ulichonunua nani atakubadilishia?

Theluji ina saa zake

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba theluji ya machipuko ina saa. Usiku huganda ikawa ngumu kama sakafu. Asubuhi jua likiipiga, tabaka la juu hulainika kidogo, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Kufika mchana imekuwa uji. Lauchernalp iko upande wa bonde unaopata jua jingi, kwa hiyo mambo hayo hutokea mapema.

Mwalimu wa skii wa pale, kijana wa bondeni, alituambia tupande na lifti ya kwanza na tuteremke kabla ya chakula cha mchana. Alitueleza pia habari ya maporomoko. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku ya msimu, kwa ngazi kuanzia 1 hadi 5. Wakati wa machipuko hatari inaweza kuwa ndogo alfajiri na ikapanda mchana, maji ya theluji inayoyeyuka yanapopenya chini. Asiye mwenyeji asitoke nje ya njia zilizowekwa alama, hata akiona nyayo za wengine.

Na jua, ndugu zangu, lisidharauliwe kwa sababu ya rangi yetu. Kila mita 1,000 unazopanda, miale yake mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya hurudisha juu sehemu kubwa ya miale hiyo. Nilikataa mafuta ya kujikinga nikidai mimi ni Mwafrika. Jioni midomo yangu ilikuwa imepasuka na macho yanachoma kama yametiwa mchanga.

Siku mlima ulipoanguka

Alasiri, skii zikishawekwa, tulikuwa tukitembea hadi Blatten, kijiji cha juu kabisa kati ya vinne. Nyumba zake zilikuwa za mbao zilizochomwa na jua hadi kuwa nyeusi. Maghala ya zamani yalisimama juu ya nguzo zenye mawe bapa ya duara, ili panya asipande. Nilipiga picha kuwaonyesha wanafunzi wangu, maana vihenge vya babu zetu navyo viliinuliwa kwa sababu hiyohiyo.

Kijiji hicho sasa hakipo. Mwezi wa Mei 2025 mawe kutoka kilele cha juu yalianza kuporomokea mto wa barafu uitwao Birch. Wataalamu waliona barafu inasogea kwa kasi, na tarehe 19 Mei watu wote, kama 300, wakaamriwa kuondoka. Mifugo nayo ikatolewa. Ng'ombe mmoja aliyeumia alibebwa kwa helikopta. Tarehe 28 Mei barafu na mwamba vikashuka kwa pamoja. Karibu asilimia 90 ya kijiji ilifukiwa. Mto Lonza ukazibwa, maji yakapanda na kuzamisha nyumba nyingi zilizosalia. Mtu mmoja, mwenye miaka 64, alipoteza maisha. Wengine wote walikuwa hai, wakitazama kutoka vijiji vya chini mahali walipozaliwa.

Niliangalia picha hizo kwenye simu nikiwa darasani, wanafunzi wamekwenda mapumziko. Mtu aliyezaliwa ukimbizini anaijua sura ya mtu aliyetoka na begi moja. Na hapa Rumonge, tulioliona ziwa likifurika na kuingia majumbani, tunajua maana ya kuambiwa uondoke sasa hivi.

Kwa hiyo mdogo wangu alipotaja safari ya pili, sote tulisita. Alisema tutafute bonde jingine. Kwenda kucheza pale ambapo watu wamefiwa na kijiji kizima, si ni kukosa adabu? Niliona ana haki. Lakini nikamwomba ampigie kwanza mama mwenye nyumba tuliyopanga Wiler, kijiji ambacho kilinusurika.

Yule mama alisema nyumba ile haipo tena kwa wageni. Anakaa dada yake, aliyekuwa mkazi wa Blatten. Akatuelekeza kwa jamaa yake Kippel, mwenye vyumba viwili. Mdogo wangu akamuuliza wazi kama si vibaya tukija. Akajibu: "Njooni. Lifti ikikosa watu, vijana wetu watashuka kutafuta kazi mjini, na wakishashuka hawapandi tena."

Maneno hayo yalinirudisha mwaka 2008. Tulipofika Rumonge tulipewa mahindi, maharage na turubai, na tulishukuru. Lakini siku nilipoamini kwamba pale ni kwetu ni siku mama mmoja wa Kigoma alipotandika kitambaa chini, akapanga chumvi, sabuni na vitenge, akaanza kuuza, hata kwa mkopo. Aliamini kwamba wiki ijayo atatukuta. Wafanyabiashara wa mpakani mnaosoma haya, huenda hamjui mlitufanyia nini. Msaada ulitulisha. Soko ndilo lililotuambia tutabaki.

Watu wa Blatten wamepanga kujenga upya katika bonde lao. Itachukua miaka, na katikati ya miaka hiyo mwenye duka la skii, dereva wa basi na mwalimu wa watoto wanahitaji wateja. Ada ya nyumba yetu ya Kippel si kitu kikubwa, lakini itabaki bondeni.

Basi tunapanga. Tumeuliza lifti zinafungwa lini, barabara imefunguliwa hadi wapi, na sehemu gani hairuhusiwi kukanyagwa. Tumekubaliana hakuna atakayekwenda kupiga picha kwenye kifusi. Tutasubiri mwenyeji atuonyeshe akitaka mwenyewe. Nitabeba mawese chupa mbili, moja ya mama wa Wiler, nyingine ya dada yake. Wewe uliyealikwa kwingine, uliza maswali hayohayo: theluji hadi lini, jua saa ngapi, bima inalipa nini, na fedha yangu itabaki kwa nani.

Koti la buluu nimelifua. Kipande cha tiketi bado kipo kwenye zipu.