Kofia za Ascot na Heshima ya Sare

Kila mwezi Juni, huko Ascot, Uingereza, Alhamisi ya mbio za farasi huitwa Siku ya Wanawake. Ndiyo siku ya kugombea Kombe la Dhahabu, lililoanza mwaka 1807. Akina mama hupambana kwa kofia za manyoya na maua.

Sisi tuvaao sare tusiwacheke. Tangu 2012, katika sehemu ya kifalme, pambo livaliwalo badala ya kofia sharti liwe na kitako kisichopungua sentimita 10. Na mwaka 1910, Mfalme Edward wa Saba alipokwisha kufariki, kofia zote ziligeuka nyeusi.

Nasi huweka kofia ya mwenzetu marehemu juu ya jeneza lake. Ndugu askari, tuzitunze zingali vichwani.