Kukaa na Mlio wa Masikio

Wako watu wasikiao mlio masikioni mwao hali hakuna kitu kinacholia. Wengine husikia kama nyenje, wengine kama filimbi. Mimi ni mmoja wao, tangu nilipougua masikio nikiwa Kidato cha Pili. Kwa kuwa wenzangu huniuliza nafanyaje kupata usingizi, nimeona yafaa nieleze.

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojikunja mfano wa konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, zipelekazo habari za sauti kwenye ubongo. Zikifa kwa kelele kubwa au uzee, hazioti tena. Ubongo, ukikosa habari uliyoizoea, hutega zaidi, na ndipo mlio husikika.

Kwanza yapasa kumwona daktari, maana pengine ni nta tu iliyoziba sikio. Tena mlio wa sikio moja tu, au upigao pamoja na moyo, au uliokuja na uziwi wa ghafula, usicheleweshwe. Mimi nilipimwa, nikaambiwa hapana hatari, ila huenda mlio usiondoke.

Usiku, taa zikizimwa bwenini, mlio huzidi. Ukishindana nao moyo huenda mbio. Ubongo nao hudhani pana adui, ukazidi kusikiliza. Hivyo hasira huulisha mlio.

Njia niliyofundishwa ni kutuliza fikira. Nalala chali nikifuata pumzi yangu iingiavyo na kutoka. Mlio ukija siufukuzi. Nasema moyoni, "Huu ni mlio," kisha narudi kwenye pumzi. Fikira ikitoroka nairudisha taratibu, kama mchungaji arudishavyo mbuzi. Nafanya hivyo dakika 10 kila usiku.

Huu si uganga. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya namna hii katika chuo cha udaktari huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 2017 watafiti wa London walieleza habari za wagonjwa 75 wenye mlio. Waliojifunza hivyo kwa majuma 8 walipungukiwa na taabu kuliko waliofundishwa kulegeza mwili tu, na miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa ingalipo.

Mlio wangu upo hata sasa niandikapo, lakini nalala, na mtihani nausomea. Basi waalimu na wazazi wetu, mkimwona mtoto asinzia mchana, kabla ya kumwita mvivu mwulizeni kama masikio yake yalia.